Kurekebisha ugumu wa mapigano katika Skyrim bila kumchosha mchezaji

Banda langu la gemu liko Mwanga, Kigoma mjini, na hujaa zaidi siku za mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa dagaa wa Kibirizi hawaingii ziwani usiku ambao mwezi unazishinda taa zao. Mmoja wao alichagua kiwango cha mwisho cha ugumu katika Skyrim, gemu ya mapanga na mazimwi, kiitwacho Legendary, na baada ya robo saa nilimkuta akimkatakata jambazi yuleyule kwa kubonyeza kitufe kwa kidole kimoja, huku mkono wa pili ukimenya karanga. Mwongozo huu unaonyesha namna nilivyoirekebisha hali hiyo kwenye kompyuta.

Hatua ya kwanza ni kuifahamu hesabu iliyofichwa. Viwango vya ugumu vya gemu hii havimwongezei adui akili hata chembe. Hubadilisha vizidishi viwili tu, yaani cha madhara unayotoa na cha madhara unayopokea. Katika Adept, kiwango cha kawaida, vyote viwili ni 1. Katika Master, kiwango kigumu zaidi, unatoa nusu na kupokea mara 2, na katika Legendary, kiwango kilichoongezwa mwaka 2013, unatoa robo na kupokea mara 3. Chukua adui mwenye damu 100 na upanga wako wenye pigo la 20: katika Adept atakufa kwa mapigo 5, na katika Legendary kwa mapigo 20. Yeye akiwa na pigo la 15 nawe una damu 100, utaanguka kwa mapigo 7 katika Adept na 3 katika Legendary. Hayo mapigo matatu sina ugomvi nayo, kwa sababu yanamlazimu mtu kuwa macho. Kinachoharibu pambano ni yale ishirini. Isitoshe, vizidishi hivi havigusi mapigo ya mwenzako unayesafiri naye, kwa hiyo mchezaji mjanja humwachia huyo kazi yote na kubaki mtazamaji.

Hatua ya pili, hifadhi mchezo mahali pamoja pa kujaribia. Mimi hutumia nje ya Bleak Falls Barrow, magofu ya kale ndani ya gemu, ambako majambazi hawakosekani. Pambana nao mara kadhaa kutoka hifadhi hiyohiyo, uandike kwenye karatasi idadi ya mapigo yaliyomuua adui na yaliyokuua wewe. Usitegemee kumbukumbu, kwani aliyetoka kupigwa huongeza chumvi.

Hatua ya tatu, jaribu namba mpya ukiwa ndani ya gemu. Fungua konsoli, yaani kidirisha cha kuandikia amri, kwa kitufe kilicho chini ya Esc, kisha andika:

setgs fDiffMultHPByPCL 1.25
setgs fDiffMultHPToPCL 1.75

Herufi L ya mwisho inawakilisha Legendary. ByPC ni madhara unayotoa, ToPC ni unayopokea. Kwa mfano wetu, sasa adui anaanguka kwa mapigo 4, nawe vilevile kwa 4, kwa hiyo mshindi ni yule anayekinga na kukwepa vizuri zaidi. Mabadiliko haya hufutika ukifunga gemu, jambo linalofaa sana wakati wa majaribio. Nilimwita yule mvuvi ajaribu tena: alikufa mara tatu, na kabla ya kuanza ya nne akaniuliza ngao inainuliwa kwa kitufe kipi.

Hatua ya nne ni deraya, na hapa ndipo modi nyingi, yaani marekebisho ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji, huvuja. Gemu inaruhusu deraya kuzuia hadi asilimia 80 ya madhara, na kwa aliyevaa vipande vyote vinne, bila ngao, kikomo hicho hufikiwa kwenye alama 567, ambazo fundi mzuri wa uhunzi huzipata mapema mno. Kwake pigo la adui wetu, ambalo sasa ni 26.25 (15 mara 1.75), linabaki 5.25, naye atahitaji kupigwa mara 20 ndipo afe. Ukishusha kikomo hicho, kiitwacho fMaxArmorRating, kutoka 80 hadi 60, atakufa kwa mapigo 10, idadi ninayoiona kuwa halali kwa mtu aliyejaza chuma mwili mzima. Usibadilishe vizidishi na deraya kwa wakati mmoja, maana hutajua kipi kimeleta nini.

Jisu la kuvizia sikuligusa. Kwa ujuzi wa Assassin's Blade pigo lake huzidishwa mara 15, na wateja wangu wanalipenda mno.

Hatua ya mwisho, ukiridhika, fungua Creation Kit, programu ya kuhariria gemu hii, pakia faili zake kuu Skyrim.esm na Update.esm, ingia Gameplay kisha Settings, tafuta majina yale matatu, weka namba zako, uhifadhi kama faili jipya la esp, yaani faili la modi. Liwashe kwenye orodha ya modi na uliweke chini kabisa, kwani modi mbili zikigombania namba moja, inayopakiwa mwisho ndiyo inayotawala.