Kumlea Border Collie katika nyumba isiyo na kondoo

Siku ya tatu tangu nimlete, nilitoka jikoni nikawakuta wanangu wawili na mpwa wangu wamebanwa nyuma ya kochi, kwenye kona ya sebule. Mbele yao mbwa amejilaza kifudifudi, kidevu kinagusa sakafu, hapepesi macho. Mmoja akijaribu kuchomoka kushoto, mbwa anateleza kushoto. Akijaribu kulia, anamkuta huko huko. Hakubweka hata mara moja wala hakumgusa mtu. Wakubwa walikuwa wanacheka, lakini wa mwisho, mwenye miaka minne, alikuwa amebakiza kidogo tu aangue kilio. Ndipo nikaelewa kwamba nimeleta nyumbani mfanyakazi, na kwamba huyo mfanyakazi ameshajipangia zamu.

Kama umempata Border Collie au unafikiria kumchukua, anza na hilo. Aina hii ilitengenezwa mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na neno "Border" ni huo mpaka. Karibu wote walio hai leo wana damu ya dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa Adam Telfer huko Northumberland, na sifa yake kubwa ilikuwa kuchunga kimyakimya, kwa jicho na mwili badala ya kelele na meno. Wachungaji wakawa wanachagua wenye jicho hilo, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo anapowabana watoto wako kwenye kona, anafanya kile alichozaliwa nacho. Hana ubaya. Ila hawezi kuachiwa hivyo hivyo.

Kabla hujamleta

Kwa umbo si mbwa mkubwa: kilo 14 hadi 20 hivi, na mabegani hafiki sentimita 60. Wengi hudanganyika na umbo hilo. Nyumba ndogo anaiweza kabisa. Asichokiweza ni kuachwa peke yake kutwa nzima, halafu jioni akute watu wamechoka na hawamtaki. Akichukuliwa akiwa mdogo, jiandae kuishi naye miaka 12 hadi 15.

Kwa mfugaji, omba kumwona mama na watoto wake pale pale wanapolala. Mama mwenye woga, anayejificha au kunguruma bila sababu, anakueleza mengi kuliko mwenye kuuza. Uliza kama wazazi wamepigwa picha za nyonga, wamepimwa macho, na kama kuna kifafa katika ukoo. Uliza pia kama wazazi wanachunga kweli. Mtoto wa mbwa wa shamba huwa na moto zaidi kuliko mtoto wa mbwa wa maonyesho, na mimi ningeujua mapema huo moto ningechagua tofauti. Wangu babu zake wote walichunga.

Watoto na visigino

Kanuni ya kwanza nyumbani kwangu ni kwamba mbwa na mtoto mdogo hawaachwi wawili peke yao, hata kwa dakika ya kwenda kufungua mlango. Ya pili, watoto wakimwona anaanza kuwazunguka, wanasimama kama miti, mikono kifuani, kimya. Kitu kisichokimbia hakichungiki. Ya tatu ni ya kwangu mimi: kumwita mapema. Kuna dalili moja ndogo, kichwa kinashuka usawa wa mabega, mwili unaganda, jicho linashika. Ukimwita wakati huo atakusikia. Akishaondoka kasi umechelewa, utabaki unapiga kelele ambazo kwake ni sehemu ya mchezo.

Akija ulipomwita, mpe kitu kitamu na kazi nyingine papo hapo. Usimpige kwa kuchunga. Niliwahi kumfokea sana baada ya kumdonoa mpwa wangu kisigino, na nilichovuna ni mbwa aliyejifunza kunikwepa mimi na kuendelea kudonoa nikiwa sipo.

Mpe pia sehemu yake, kona yenye tandiko ambako mtoto haruhusiwi kumfuata. Akienda huko, mazungumzo yameisha.

Baiskeli na magari ni jambo jingine kabisa. Hapo sina mjadala: karibu na barabara anakuwa kwenye kamba, hata awe mtiifu namna gani. Gurudumu linalozunguka linamwita kwa sauti kubwa kuliko yako.

Kosa langu la kukimbia

Kila niliyemuuliza aliniambia, "Mchoshe." Nikamchosha. Alipofikisha mwaka mmoja na nusu nikaanza kukimbia naye nusu saa asubuhi. Baada ya mwezi nusu saa haikutosha, nikaenda saa nzima. Kisha saa moja na nusu, na mpira jioni, mara hamsini, mara mia. Mwezi wa tano nilikuwa nachechemea goti, naye akifika nyumbani anakunywa maji, ananitazama usoni, anangoja awamu ya pili. Nilikuwa nimemjenga mkimbiaji wa mbio ndefu kwa mikono yangu mwenyewe, na kila wiki nilikuwa namwongezea pumzi.

Siku hizi anatembea dakika 40 asubuhi na 30 jioni. Nusu ya muda huo namwachia anuse anachotaka, kwa mwendo wake, maana kunusa kunamlegeza kuliko kukimbia. Mpira ni mara sita au saba, kisha unaingia mfukoni. Mara mbili kwa wiki tunaenda mahali palipozungushiwa uzio akajimwage. Basi.

Mtoto wa mbwa ndiye wa kuchungwa zaidi hapa. Mifupa yake haijakomaa mpaka mwaka mmoja, wengine mwaka na nusu. Asikimbizwe nyuma ya baiskeli, asirukishwe vizuizi, asiachiwe kuruka ngazi kila mara. Na alale. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala hata saa 18 kwa siku. Nilikuwa nikimwona anararua zulia jioni nadhani hajachoka, namtoa tena nje, kumbe alikuwa amechoka kupita kiasi kama mtoto aliyekosa usingizi wa mchana.

Mwili wake

Ana manyoya ya tabaka mbili, ya juu marefu na ya ndani laini kama sufi. Usimnyoe kwa sababu ya joto. Tabaka hizo humkinga na jua, na zikinyolewa hazioti sawasawa kila mara. Mpige brashi mara mbili kwa wiki, ukikazania nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya mapaja ambako manyoya hujisokota mpaka kwenye ngozi. Wakati wa kupukutisha, iwe kila siku, na nguo nyeusi zisahau kwa muda.

Joto ndilo linalonitia hofu. Mbwa huyu hajui kuacha. Akiwa na kazi atakimbia mpaka aanguke, kwa hiyo kuacha ni kazi yako. Ulimi ukitoka mrefu na kupanuka ncha, anahema kwa kelele, au miguu ya nyuma inayumba, simamisha kila kitu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, ndipo umwahishe kwa daktari wa mifugo. Usisubiri kufika kwa daktari ndipo uanze kumpoza. Lami nayo ipime kwa mgongo wa kiganja chako: ukishindwa kuuweka sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua.

Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa usiikose. Kuna jambo moja ambalo wenye mbwa wa jamii ya collie wanapaswa kulijua: baadhi yao wana hitilafu katika jeni iitwayo MDR1, ambayo huruhusu dawa fulani kupenya hadi kwenye ubongo. Ivermectin, dawa ya minyoo ya mifugo, ni mojawapo. Kwa Border Collie hitilafu hii si ya kawaida sana kama kwa ndugu zake, Rough Collie, lakini ipo, na kipimo chake kinafanywa kwa mate tu. Usimpe dawa ya minyoo ya ng'ombe au kondoo kwa kukisia kipimo, na usimwachie kulamba kinyesi cha mifugo iliyotoka kupewa dawa hiyo.

Chakula sina mengi. Ukipitisha vidole ubavuni uzihisi mbavu bila kubonyeza. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu, na peremende au bigijii zisizo na sukari zenye zailitoli (kitia utamu badala ya sukari), viweke mbali. Mifupa iliyopikwa pia.

Mchezo wa mwanga

Binamu yangu alimletea tochi ya leza, ile ya nukta nyekundu. Ilikuwa burudani kweli, mbwa anaruka ukutani, watoto wanavunjika mbavu. Wiki ya pili alianza kuufukuza mng'ao wa saa yangu. Kisha vivuli vya pazia. Kisha alikaa ukutani anaungoja mwanga ambao haukuwepo, na chakula kikapoa pembeni. Ilinichukua miezi mitatu ya kufunga mapazia na kumwelekeza kwenye vitu vinavyoshikika kabla hajaacha. Mbwa wa kuchunga hawezi kucheza na kitu asichoweza kukikamata. Akili inakwama hapo.

Kazi anayoiweza sebuleni

Nilichoweka mahali pa leza ni majina. Profesa mstaafu wa saikolojia huko Marekani, John Pilley, alimfundisha Border Collie wake, Chaser, majina ya vitu 1,022, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Walifanya kazi saa kadhaa kila siku kwa miaka mitatu. Sisi tunafanya dakika kumi, mara tatu kwa siku, na tumefika 23.

Chukua kitu kimoja, tuseme kamba. Mwonyeshe, taja "kamba", kitupe karibu, mshangilie akikileta. Kitu hicho tu, siku mbili au tatu. Kisha kifiche nyuma ya kiti umwagize. Akikipata bila kusita, leta cha pili na ukifundishe peke yake vivyo hivyo, ndipo uviweke viwili pamoja. Akileta kisicho, usimkaripie, kipokee bila maneno urudie. Jina la 14 kwa mbwa wangu ni ufunguo, na umeshaniokoa asubuhi nyingi.

Siku ya uvivu namwaga chakula chake kwenye nyasi akitafute punje kwa punje. Dakika ishirini za pua, na hulala mwenyewe.

Kufundisha kutofanya kitu

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililobadilisha nyumba yangu. Tandika kitambaa sakafuni, kaa karibu, usimwambie lolote. Akikikanyaga, dondosha punje moja juu yake. Akilala, dondosha mbili. Akiegemeza nyonga upande mmoja badala ya kukaa tayari kama mshale, dondosha tatu, polepole, kati ya miguu yake ya mbele. Anza na nusu dakika. Wiki ya pili fika dakika tano. Kisha mtu mmoja apite, kisha mtoto apite na mpira mkononi. Wangu alichukua wiki saba mpaka tukala chakula cha usiku yeye akiwa kwenye kitambaa.

Neno la amri liongeze mwishoni, akishajua cha kufanya. Hapo ndipo nilipokwama, na sasa nitasema jina lake, ambalo nimelikwepa tangu mwanzo kwa aibu. Kwa matumaini makubwa ya siku ya kwanza nilimwita Tulia. Ukiita "Tulia!" uwanjani, anakuja mbio. Ukimwambia "tulia" sebuleni, anaruka juu. Ikabidi amri iwe "pumzika". Kwa hiyo chagua jina lisilofanana na neno lolote utakalomwagiza, na ulijaribu kwa sauti kubwa kwanza, ukiwa jikoni, siku chache kabla hajafika.

Mpaka leo mgeni akimwambia mtoto "hebu tulia", mbwa anainuka kwenye kitambaa chake na kwenda kusimama mbele ya huyo mgeni, masikio juu, anangoja kazi.