Mtoto na buibui wa ukutani

Mara nyingi mtoto mdogo huanza kuogopa buibui baada ya kumwona mtu mzima akiruka na slipa mkononi. Kwa hivyo somo la kwanza ni la mzazi: ukimwona buibui, tulia, ongea kwa sauti ya kawaida. Na usimlazimishe mtoto kumshika. Kutazama kunatosha.

Anzeni na buibui mrukaji. Kisumu, Mbita na kwingine kandokando ya Ziwa Victoria hakosekani ukutani: kadogo, hatandi utando wa kunasia, hutembea kwa kushtukashtuka, kisha hugeuka kukutazama. Mmoja wao, Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka wa 2003, ana urefu wa kama milimita 5 na hupenda kula mbu jike wa Anopheles, aina inayoeneza malaria, aliyeshiba damu. Yeye mwenyewe hanyonyi watu. Damu huipata kwa mbu. Mpe mtoto tochi, asogee taratibu, atafute macho mawili makubwa ya mbele. Yapo mengine sita, madogo. Chandarua lakini kibaki palepale, maana mbu aliyeshiba damu ameshamuuma mtu tayari.

Buibui akiwa mahali pabaya, kama kitandani au kwenye sufuria, ahamishwe. Mtoto wa miaka 6 hivi anaweza, ukiwa kando yake. Tumieni gilasi ya plastiki ya kuona ndani, yenye mdomo wa sentimita 7 au zaidi, na jalada la daftari. Mfunike buibui polepole, miguu yote iwe ndani, kisha penyeza jalada chini huku gilasi ikigusa ukuta muda wote. Hapa ndipo wengi huharibu: wakiharakisha, ukingo wa gilasi hukata miguu. Karatasi ya gazeti hujikunja, boksi nene humbana. Ukuta wa udongo una mashimo na buibui hutoroka, kwa hivyo msukume kwa brashi laini aingie gilasi mwenyewe. Mwachilieni stoo au kivulini chini ya migomba. Gilasi ikiachwa juani mchana, atakufa upesi.

Siku ya kufagia dari, ondoeni tando kuukuu zilizojaa vumbi na wadudu wa ziwani. Utando wenye buibui ndani uachieni kona moja, mtoto achague ipi.

Upole huu una mipaka, na mtoto aijue mapema. Kunguni, mende na funza si wapangaji, waondoeni. Nge, tandu, siafu na kiota cha nyigu: asiguse, aite mtu mzima. Jongoo hana neno, ila majimaji yake huwasha macho, kwa hivyo anawe mikono akimgusa.

Nairobi fly, yule mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, asiuawe mwilini kamwe. Sumu iko ndani yake, hutoka akipondwa, na malengelenge huweza kutokea siku ya pili. Akitua mkononi, mtoto ampulize au amwache apande kwenye karatasi. Akipondwa kwa bahati mbaya, osheni hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, na mtoto asijiguse macho. Msimu wa mvua zimeni taa ya nje mapema. Wadudu hao hufuata mwanga.