Kushusha chumvi kwa vifaranga vya kambamiti

Kabla ya kuuliza bei ya vifaranga, uliza umri. Katika hatua za kwanza baada ya kuanguliwa, kambamiti huhitaji maji ya gramu 28 hadi 35 za chumvi kwa lita. Matamvua, yanayosukuma chumvi kuingia au kutoka mwilini, hukamilika baadaye. Kwa bwawa la chumvi kidogo chukua PL15 au zaidi, yaani siku 15 tangu wawe vifaranga. PL5 wengi wanaweza kufa hata ukienda polepole.

Tuseme wametoka kwenye gramu 30 na bwawa lako lina 10. Shusha 2 kwa saa hadi 20, kisha 1 kwa saa. Ni kama saa 15, hewa ikipigwa muda wote.

Wengi hukosea hesabu ya maji. Katika tangi la lita 100, kushuka kutoka 30 hadi 28 ni kutoa lita 10 na kurudishia lita 10 za bwawa. Kutoka 12 hadi 11 ni lita 50! Kwa hiyo ndoo ileile kila saa haifai. Pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji.

Wakilala ubavu au nyama ya mkia ikiwa nyeupe, simamisha. Wape artemia, vijidudu vya maji ya chumvi wanavyokula, la sivyo watakulana.

Vifo vingine huja baadaye, chini ya bwawa, usivione. Weka vifaranga 100 kwenye kizimba cha wavu humo bwawani, uwahesabu baada ya saa 48.