Kubadilisha Bushi za Fimbo ya Gia kwenye Kombi ya Zamani

Kombi ya Volkswagen iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia Agosti 1967 hadi 1979, ile yenye kioo kimoja kipana cha mbele, ina injini na giaboksi nyuma, ilhali dereva ameketi juu kabisa ya magurudumu ya mbele. Kila anapobadilisha gia, mkono wa gia unasukuma au kuzungusha fimbo ndefu ya chuma inayopita uvunguni hadi kwenye giaboksi, na fimbo hiyo inashikiliwa na bushi ndogo za plastiki pamoja na kiungo chenye raba. Vipande hivi vikilika, mwendo wa mkono unapotelea njiani: gia namba mbili inatafutwa, rivasi inakataa, na mkono unayumba hata gari likiwa ndani ya gia. Nimeona zaidi ya Kombi moja ikishushwa giaboksi kwa dalili hizi hizi, na inaniuma, kwa sababu giaboksi nzima iliyokuwa haina kosa inafunguliwa kabla ya mtu kulala chini na kuitazama fimbo.

Anza basi kwa kutazama. Zima injini, mwombe mwenzako akae kwenye usukani na kuchezesha mkono wa gia taratibu, nawe ukiwa chini na tochi. Pale fimbo inapopita kwenye bushi ya mbele, inapaswa kuteleza na kuzunguka tu. Ikiruka juu na chini au ikigonga pembeni kabla ya kuanza kazi yake, bushi imekwisha. Kisha nenda nyuma, mbele kidogo ya giaboksi, uangalie kiungo: upande wa fimbo ukizunguka huku upande wa giaboksi umetulia, raba imechoka. Lakini kama kila kitu kimekaza na gia bado inakwaruza unapoiingiza, angalia kwanza kebo ya klachi, ambayo inatakiwa kuacha pedali icheze kati ya milimita 10 na 20 kabla ya kuanza kubana.

Kwa kazi yenyewe, egesha gari mahali tambarare, kaza hendibreki, weka vizuizi kwenye magurudumu, na ukilinyanyua liweke juu ya stendi imara, kwa maana jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Acha gia ikiwa huru. Kama bado kuna mabamba ya chuma yanayofunika uvungu, yaondoe, halafu safisha maungio yote kwa brashi ya waya na uyapulizie mafuta ya kulegeza kutu, ikiwezekana usiku wa kuamkia siku ya kazi.

Ndani ya gari, nyanyua raba ya vumbi na ufungue bolti mbili za mkono wa gia kwa spana namba 13. Kabla hujazilegeza, chora mstari kuzunguka kitako cha mkono ili ujue kilipokuwa kimekaa, na upige picha ya bamba dogo lililo chini yake, kwa kuwa bamba hilo ndilo linalozuia rivasi isiingie bila kukusudiwa, na likigeuzwa utahangaika. Chini, tia alama ya rangi inayovuka kila kiungo cha fimbo, kisha tenganisha kipande cha mbele na cha nyuma na uisogeze fimbo hadi itoke kwenye bushi.

Bushi kuukuu mara nyingi hutoka vipande vipande. Kwangua mabaki yote, halafu pitisha kidole kwenye fimbo mahali ilipokuwa ikisuguana. Ukihisi mtaro au kutu yenye makali, isugue kwa msasa laini mpaka iwe nyororo, la sivyo itaila bushi mpya mapema. Bushi mpya ya plastiki ngumu iloweke kwenye maji ya moto kwa dakika chache, nayo italainika kiasi cha kuminywa kwa vidole na kuingia kwenye tundu lake. Ikiwa inakuja na kipete cha waya, hakikisha kipete kimekaa kwenye mfereji wake pande zote kabla ya kurudisha fimbo. Paka grisi ndani ya bushi na kwenye kitufe cha chini ya mkono wa gia, ila usiipake raba ya kiungo, kwani mafuta huilainisha na kuiharibu.

Kwenye kiungo cha nyuma usiwe na haraka. Skrubu yake ya kubana haikusudiwi kubana juu ya chuma popote tu, bali ncha yake lazima iingie kwenye kishimo kilichochongwa kwenye chuma cha giaboksi. Igeuze kwa mkono huku ukikitikisa kiungo kidogo kidogo. Ikizama na kiungo kikatulia, hapo ndipo uikaze, kisha uifunge kwa waya ili isijifungue. Skrubu hii ikiachia barabarani, gari halina gia hata moja.

Rudisha mkono kwenye mstari uliouchora, kaza bolti nusu, na ujaribu gia zote nne na rivasi. Rivasi iingie kwa kubonyeza mkono chini, kuupeleka kushoto na kuuvuta nyuma tu. Ikiingia bila kubonyezwa wakati unatafuta namba mbili, au namba moja ikiwa nzito, sogeza kitako mbele au nyuma kwa milimita moja au mbili, ujaribu tena. Nafasi ikipatikana, kaza kabisa, endesha gari kwa mwendo mdogo ukipanda na kushuka gia zote, na baada ya siku chache rudi uvunguni uangalie waya na bolti.