Nzi weupe wanaponusurika dawa: jinsi ya kukabili usugu katika shamba la maparachichi

Mkulima wa Bahati au Subukia, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, anaponyunyizia miparachichi dawa na nzi weupe wakabaki, asikimbilie agroveti kabla ya kuwakagua walionusurika. Wakiwa wamejazana kileleni ambako bomba halikufika, au upande wa chini wa majani ambao haukulowa, kasoro ni ya unyunyizaji. Wakiwa hai hata kwenye majani yaliyolowa barabara, na dawa haijapitwa na muda wala kipimo hakikupunguzwa, hapo usugu unashukiwa. Ili kuhakikisha, acha mti mmoja bila dawa, kisha uhesabu wadudu kabla ya kunyunyiza na siku chache baadaye.

Mdudu mmoja haizoei dawa. Katika kila kizazi huwamo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili, na dawa ile ile ikirudiwa, wenzao hufa na wao ndio wanaozaana. Tangu mwaka 1914, mtaalamu wa wadudu A. L. Melander alikuwa ameandika habari za wadudu gamba walionusurika dawa ya chokaa na salfa katika mashamba ya matufaha ya jimbo la Washington, Marekani.

Wengi hupotea kwa kubadilisha chupa tu, na hasara yake inaniuma. Weka pamoja chupa ya saipamethrini na ya lambda-saihalothrini: rangi ni tofauti, bei ni tofauti, lakini zote ni za Kundi 3A (dawa hupangwa kwa makundi kulingana na jinsi zinavyomuua mdudu) na hushambulia neva kwa njia moja, hivyo mdudu aliyeshinda ya kwanza huenda akaishinda na ya pili. Imidaklopridi na asetamipridi nazo ni za Kundi 4A. Basi tafuta nambari ya kundi kwenye lebo. Isipokuwepo, mwonyeshe afisa wa kilimo jina la kiambato. Kizazi kimoja cha wadudu kikinyunyiziwa kundi moja, kinachofuata kipate jingine, mradi dawa iwe imesajiliwa kwa maparachichi. Wakati wa maua, usinyunyize imidaklopridi, kwa maana nyuki ndio wanaochavusha.

Punguza pia haja ya kunyunyiza. Kwa nzi wa matunda, akiwemo Bactrocera dorsalis aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, okota matunda yaliyoanguka na uyafukie nusu mita au zaidi siku ile ile, kabla funza hawajatoka na kujichimbia udongoni kuwa pupa.