SOMO: AC ya gari inaisha gesi, tafuta inapovujia kabla ya kujaza

Wadau, gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye mfumo uliofungwa. Kiasi kidogo sana hupenya kwenye mipira kwa miaka, lakini ukijazwa leo na baada ya wiki chache joto limerudi, kuna mahali inavuja. Kujaza tena bila kutafuta ni kutupa hela, na gesi yenyewe inaharibu hewa.

Hatua ya 1. Hakikisha tatizo ni gesi. Washa injini na AC, kisha angalia klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi). Ikinasa na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni kidogo. Isiponasa kabisa, anza na fyuzi na rilei. Huenda pia swichi ya presha imeizuia kwa sababu gesi imekwisha.

Hatua ya 2. Fuata oili. Hapa usiwe na haraka. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo penye uvujaji huachwa alama: doa lenye utelezi lililoshika vumbi jeusi. Zima injini, chukua tochi na kitambaa cheupe, pitisha kwenye kila kiungio cha paipu, nyuma ya klachi, na pale mpira wa paipu unapobanwa na chuma. Kondensa, yaani sega la kupozea gesi, ichunguze zaidi, maana inakaa mbele ya rejeta na ndiyo inayopigwa na mawe.

Hatua ya 3. Povu la sabuni. Pima injini ikiwa imezimwa. AC ikiwaka, presha ya upande wa chini (upande wa presha ndogo) hushuka na uvujaji mdogo hauonekani. Usisahau valvu za kujazia: fungua vifuniko, dondoshea povu. Likivimba, kijivalvu cha ndani ndicho kibovu, na wengi hubadilisha kompresa bila kukigusa hicho.

Hatua ya 4. Usipoona kitu, weka rangi ya kung'aa ndani ya mfumo, tembea na gari siku kadhaa, kisha mulika kwa taa ya UV. Evaporeta, sehemu inayopoza hewa ya ndani ya gari, imejificha ndani ya dashibodi, hivyo mulika mdomo wa bomba linalotoa maji chini ya gari. Rangi ikionekana hapo, evaporeta imetoboka.

Hatua ya 5. Gesi iliyobaki inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Badilisha kilichoharibika, weka oringi mpya zilizopakwa oili ya AC, na draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu). Vuta vakyumu (toa hewa na unyevu kwa pampu) angalau dakika 30, funga, subiri. Sindano ya geji ikipanda, bado kuna uvujaji au unyevu. Jaza kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Vaa miwani na glavu: R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, huchemka kwenye nyuzi -26 za Selsiasi, ikikugusa inagandisha ngozi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, zile dawa za kuziba uvujaji vipi?
Jibu: Siziungi mkono. Baadhi huganda zikikutana na unyevu, zikaziba valvu ya ndani na kuharibu mashine ya kunyonyea gesi.

Swali: Gari yangu inatumia gesi ya R-1234yf. Naweza kuongezea R-134a?
Jibu: Hapana, usichanganye. Viungio vyake vya kujazia vimetengenezwa tofauti makusudi. Tena R-1234yf inaweza kushika moto, kaa mbali na cheche.

Swali: Vakyumu ilishika vizuri kabisa, mbona gesi imeisha tena?
Jibu: Vakyumu inavuta kwenda ndani, kwa nguvu isiyozidi psi 15 hivi. AC ikifanya kazi, upande wa juu (wa presha kubwa) unasukuma kwenda nje kwa zaidi ya psi 150, na sili iliyochoka huachia hapo. Mwambie fundi ajaze nitrojeni kavu kwa regyuleta, asipitishe presha iliyowekwa na mtengenezaji, kisha apake povu upya. Asikubali kutumia oksijeni hata kidogo, ikikutana na oili inalipuka.