Familia inahitaji kiasi gani kuishi Golf, Lubumbashi? Namna ya kupiga hesabu yako mwenyewe

Kwa juma nashika vitabu vya hesabu vya maduka na karakana za mjini. Jumamosi asubuhi nakaa na familia, meza moja, daftari moja, na swali ni lile lile: "Na dola ngapi kwa mwezi mtu anaweza kuhamia Golf na akaishi vizuri?" Anayeuliza mara nyingi yuko Katuba au Kenya, mitaa mingine ya Lubumbashi hapa Kongo, ameona nyumba yenye bustani upande wa Golf Météo au Golf Plateau, komisioneri (dalali wa nyumba) anampigia simu kila saa, na anataka nimtajie namba moja.

Namba moja sina. Nina njia, na nitaipitia hapa na familia ya mfano: papa, mama, watoto wanne (mmoja UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, watatu shule ya binafsi) na binti wa dada aliyekuja kusoma akabaki. Bei nitakazoandika ni za kufundishia hesabu tu. Toa zangu, weka zako.

Tukubaliane kwanza maana ya kuishi vizuri. Kipimo changu ni hiki: mshahara ukichelewa mwezi mzima, mwenye nyumba, shule na duka la pembeni wasijue. Kama wanajua wiki ya pili, hata uwe na geti la umeme, haujafika.

Hatua ya 1: Hesabu mwaka, usihesabu mwezi

Hapa ndipo wengi wanapoharibikia. Wanachukua mwezi wa Machi, mwezi mtulivu, wanasema "tunatumia hivi", wanasaini mkataba. Kisha inakuja Septemba na minervali (ada ya shule), sare, madaftari. Mwisho wa kiangazi umeme unakuwa wa shida. Desemba kuna sikukuu na nauli za wageni. Chora mistari kumi na miwili kwenye karatasi, kila mwezi na mzigo wake, ujumlishe, ndipo ugawe kwa 12.

Na mpige hesabu hii pamoja, papa na mama. Niliwahi kukaa na bwana mmoja mwenye majibu ya haraka sana. Nikauliza: unga mifuko mingapi ya kilo 25 kwa mwezi? "Miwili." Mkewe alikuwa anamenya chungwa, hakuinua hata kichwa: "Mitatu. Na wadogo zako wakija, minne." Nikafuta 2 nikaandika 4. Chakula chote cha familia ile kilipanda kwa sentensi hiyo moja.

Hatua ya 2: Pesa ya nyumba na pesa ya mlango

Familia yetu imepata nyumba ya vyumba vitatu kwa dola 700 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 8 400. Hiyo wanaijua wote. Wanachosahau ni pesa ya kuingilia.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba za kuishi, inasema garanti, ile amana ya mpangaji, isizidi miezi mitatu. Mwenye nyumba atakuomba sita, wakati mwingine zaidi, na komisioneri aliyesimama kati yenu atakutazama kana kwamba wewe ndiye wa ajabu. Taja sheria kwa upole. Wengine wanashuka, wengine wanakwambia mpangaji mwingine yuko njiani. Ukikubali zaidi ya mitatu, basi iandikwe kwenye mkataba, na kiasi kwa maandishi, maana siku ya kutoka ndipo utakumbuka rangi ya ukuta ilivyokuwa.

Kwa mfano wetu: garanti ya miezi mitatu ni 2 100, mwezi wa kwanza 700, komisioneri mwezi mmoja 700, rangi, kufuli na gari la kuhamisha vitu 400. Jumla dola 3 900 kabla ya kulala usiku wa kwanza. Usizichanganye na bajeti ya mwezi, na usizikope. Aliyeingia Golf kwa deni, nimeona akitoka kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 3: Uliza maji yanatoka wapi umeme ukikatika

Hii nitaisema kwa urefu kwa sababu iliniuma mwenyewe. Nilihama mwezi wa Juni. Baridi, usafi, ndege kwenye miti, foraji (kisima kirefu cha pampu) ndani ya kiwanja. Nikajisifu: maji yangu mwenyewe, sitegemei mtu. Mwezi wa Oktoba, joto lenyewe la Lubumbashi, kabini ya umeme ya mtaa (transfoma) ikaungua. Siku ya kwanza tukakosa taa. Siku ya pili tangi likaisha. Ndipo nikaelewa kwamba foraji ni umeme kwa jina lingine: pampu haizunguki, maji hayapandi. Tulibeba bidoni za lita 20 usiku kwa aibu ya majirani, kumbe jirani naye alikuwa anabeba kwa aibu yetu. Kisha likapita karatasi la mchango wa kutengeneza kabini, kila nyumba na kiasi chake, na mimi sikuwa nimeweka hata franka moja kwa ajili ya jambo kama hilo.

Kwa hiyo ukienda kuona nyumba, muulize mpangaji anayetoka, au zamu (mlinzi) wa nyumba ya pili, maswali matatu. Umeme unakuja saa ngapi kwa siku mwezi wa Septemba na Oktoba? Bomba la Regideso, shirika la maji, linafika hapa, na linatoa? Mara ya mwisho mtaa kuchanga ilikuwa lini? Usimuulize komisioneri. Kwake umeme haukatiki kamwe.

Familia yetu inaweka dola 90 kwa mwezi kwa umeme, gesi, makala, yaani mkaa (ndiyo, Golf pia sombe, mboga ya majani ya muhogo, inapikwa kwa makala) na mafuta kidogo ya grupu (jenereta). Miezi minne ya shida inaongezewa 60 kila mmoja. Mwaka mzima ni 1 320.

Hatua ya 4: Tenga franka na dola

Nyumba na shule zinataka dola. Soko linataka franka. Bajeti iliyoandikwa kwa sarafu moja tu inakudanganya, na mwaka 2025 ulituonyesha vizuri. Dola iliyokuwa juu ya franka 2 800 ilishuka ghafla chini ya 2 500 ndani ya wiki chache, kuanzia mwishoni mwa Septemba. Aliyelipwa kwa franka akacheka. Aliyelipwa kwa dola akaenda sokoni akakuta bei za franka hazijashuka kwa mwendo ule.

Piga hesabu hii. Chakula cha dola 450 kwa kiwango cha 2 800 ni franka 1 260 000. Kiwango kikiwa 2 300, franka zile zile zinahitaji dola 548. Karibu dola mia moja zimeondoka kila mwezi, na hakuna aliyekula zaidi. Kwa hiyo mistari ya soko iandike kwa franka, kisha igeuze kwa kiwango kibaya kidogo kuliko cha leo.

Unga nao una hadithi yake. Mwingi unapitia Kasumbalesa kutoka Zambia, na mpaka ukikwama, mji mzima unasikia. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na sisi kwa siku chache tu, na kila mwenye akiba ya mifuko miwili stoo alijiona tajiri. Ukiwa na nafasi, nunua unga wa miezi miwili baada ya mavuno, bei ikiwa imetulia. Kununua kadogo-kadogo, kopo kwa kopo, ndiko kunakogharimu zaidi.

Hatua ya 5: Gharama ambazo kartie (mtaa) yenyewe inakuletea

Katuba unafunga mlango unalala, jirani anasikia mlango wako. Golf kuna ukuta mrefu, na ukuta mrefu unataka zamu. Mlipe vizuri: kima cha chini cha mshahara kilipandishwa mwaka 2025, usije na bei ya miaka mitano iliyopita. Kiwanja chenye nyumba mbili kinagawana. Kwa mfano wetu zamu analipwa 250, sisi tunatoa 125, na mama wa kusaidia nyumbani siku tatu kwa juma 120. Kwa mwaka 2 940.

Gari linafuata. Taksi-basi zinapita barabara kubwa, lakini kutoka nyumba za ndani ni mguu, na mvua ya Januari haimhurumii mtoto wa shule ya msingi. Mafuta na matengenezo 180 kwa mwezi, bima na karatasi zote 340 kwa mwaka: 2 500.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa popote. Ukihamia Golf, ndugu wanahesabu mshahara wako upya bila kukuuliza. Kwenye kilio, ile bahasha uliyotoa ukiwa Katuba haitoshi tena. Shangazi atasema, bila ubaya, "Sasa wewe uko kule." Mstari huo upe jina lake kwenye daftari. Familia yetu imeandika "ndugu, kilio, ndoa, kanisa": 1 500 kwa mwaka. Nadhani ni kidogo, lakini ndicho walichokubaliana bila kugombana.

Hatua ya 6: Jumlisha

Masomo nitayapitia haraka: minervali ya watoto watatu 2 550, sare na vitabu 450, usafiri wa shule 900 kwa wakati ambapo gari liko kazini, na wa UNILU 600. Jumla 4 500. Elimu ya msingi ya shule za serikali haina malipo tangu 2019, na anayempeleka mtoto huko anafuta sehemu ya mstari huu. Sijaona aibu yoyote ndani yake. Mengine yote yako hapa, kwa dola kwa mwaka:

Nyumba 8 400
Masomo 4 500
Chakula 5 400
Umeme, maji, kupika 1 320
Zamu na msaidizi 2 940
Gari 2 500
Simu na intaneti 720
Matibabu, kama mwajiri halipii 900
Ndugu, kilio, ndoa, kanisa 1 500
Nguo, vyombo, sikukuu 1 200

Inatoka 29 380. Gawa kwa 12: karibu 2 448 kwa mwezi. Hapo unaishi, lakini mshahara ukichelewa wanajua. Ongeza akiba ya asilimia 10 ya kipato, yaani gawa 2 448 kwa 0,9. Inakuja 2 720. Akiba hiyo ya 272 kwa mwezi inakuchukua miezi tisa kufikisha mwezi mmoja mzima wa matumizi, na hapo ndipo kile kipimo changu cha mwanzo kinatimia.

Mwenye haraka atumie njia ya mkato: pesa ya nyumba mara nne. Nyumba ya 700 inataka familia yenye kipato cha karibu 2 800. Chini ya mara tatu, kaa Kalubwe au Makomeno, ni pazuri vilevile.

Hatua ya 7: Angalia pesa yenyewe inaingiaje

2 720 ni ya mkononi, baada ya makato. Kwenye karatasi ya mshahara kuna asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, upande wa mfanyakazi, na kodi ya mapato inayopanda kadiri mshahara unavyopanda. Mtu akiniambia "ninalipwa elfu tatu" ninaomba karatasi yenyewe.

Mama mwenye duka au papa anayeishi kwa kop (kazi za hapa na pale) hana karatasi hiyo. Huyo achukue miezi 12 iliyopita, atafute mitatu mibaya zaidi, agawe kwa tatu. Hicho ndicho kipato chake cha kupangia nyumba. Miezi mizuri ni ya akiba na garanti. Vilevile wanaofanya kazi migodini, Fungurume au Kolwezi, wasihesabu primu (nyongeza juu ya mshahara). Mkataba wa mgodi una tarehe ya mwisho, wa nyumba unataka kulipwa tarehe moja kila mwezi. Na kama papa anapanga chumba Kolwezi, kilomita mia tatu kutoka hapa, basi kuna majiko mawili. Andika yote mawili.

Hatua ya 8: Ishi Golf ukiwa bado Katuba

Kabla ya kusaini chochote, jaribu miezi mitatu. Kama sasa unalipa nyumba 250 na unakokwenda ni 700, kila tarehe ya mshahara toa 450 uziweke mahali ambapo huwezi kuzifikia kwa simu. Likelemba (mchezo wa kuchangiana kwa zamu) na watu wa kuaminika inafaa, benki inafaa. Zikifika 1 350 bila kuguswa, umepata zaidi ya nusu ya garanti na umejua kwamba mwili wenu unabeba.

Wale wa mifuko minne ya unga walijaribu. Mwezi wa tatu wa majaribio walirudi na bahasha, bwana akaiweka mezani akaniomba nihesabu. Ilikuwa na 610. Kilio kimoja Likasi, tairi mbili. Akaanza kunieleza kwamba komisioneri amekubali kungoja hadi Ijumaa. Mkewe akachukua bahasha, akairudisha kwenye mkoba wake, akauliza kama Jumamosi ya mwezi wa sita wa majaribio nitakuwa na nafasi.